Depo ya koperative yenye kupangishwa: kodi na macho ya wamemba



Koperative ikijenga depo na kuipangisha, ni akiba nzuri. Lakini ile feza ya kupanga haiko yote yetu. Sheria ya tarehe 10/02/1969, pamoja na mabadiliko yake, inaomba kodi juu ya mapato ya nyumba, na Katiba ya 2006 iliiweka mikononi mwa jimbo. Kiasi kinachojulikana ni 22 juu ya 100. Muulize ofisi ya kodi ya jimbo lenu kama kimebadilishwa.

Mufano: mupangaji anapashwa dola 100 kwa mwezi. Anakata 20, anazipeleka mwenyewe kwa ofisi ya kodi, anawapa 80. Mumuombe karatasi ya malipo; bila ile, hamuna ushuhuda. Ninyi munalipa 2 zinazobakia. Kwenu ni 78, na bati ikitoboka, matengenezo yanatoka humo. Basi musigawanye 100!

Nani anachunga? Sheria ya OHADA ya 2010 juu ya koperative inapatia mkutano mkuu neno la mwisho, na wale waliochaguliwa kuangalia kazi ya komite wana haki ya kukagua vitabu. Kontra isilale kwa prezida peke yake. Kila mkutano, musome mistari tatu: iliyoingia, kodi iliyolipwa, iliyobaki.