Udongo wa volkano: usikopi mbolea ya Arusha ukaileta Handeni

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Afisa, wenzetu wa Arusha na Moshi wanavuna vizuri. Tukifuata ratiba yao ya mbolea si tutafika?" Kabla hujatoa hela dukani, tuelewe kwanza udongo wao umetoka wapi.

Volkano hulipukaje?

Chini sana ya ardhi kuna mwamba ulioyeyuka, unaitwa magma. Kwa kuwa ni mwepesi kuliko mwamba mgumu unaouzunguka, hupanda kupitia nyufa. Ndani yake mna gesi, hasa mvuke wa maji. Ikikaribia juu, mgandamizo hupungua na gesi hutoa mapovu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Magma ikishatoka nje tunaiita lava.

Magma ikiwa laini kama uji, gesi hutoka kirahisi na lava hutiririka. Ndivyo lava ya Nyiragongo, Kongo, ilivyoingia mji wa Goma Januari 2002. Ikiwa nzito kama ugali, gesi hunaswa, presha hujaa, na mlima hulipuka ukirusha majivu na mawe. Kinachoifanya iwe nzito ni wingi wa madini ya silika.

Aina kwa uhai wake

- *Hai*: Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 2007 ulilipuka na kurusha majivu. Lava yake ya kawaida ni ya pekee duniani: ina soda nyingi, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava nyingine nyingi hupita 1,000.
- *Iliyolala*: Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Haijalipuka siku nyingi, lakini bado hutoa gesi.
- *Mfu*: Mawenzi na Shira, hapo hapo Kilimanjaro.

Aina kwa umbo

- *Tabaka*: mlima mrefu wa lava na majivu yaliyopandana, kama Meru.
- *Ngao*: mpana wenye mteremko mdogo, kama Nyamulagira wa Kongo.
- *Koni ya majivu*: kilima kidogo cha vipande vilivyorushwa.
- *Kaldera*: shimo kubwa linalobaki baada ya mlima kubomoka, kama Ngorongoro.

Sasa njoo shambani kwako

Kuanzia Kwaluguru hadi Korogwe, hatulimi juu ya volkano. Hata milima ya Usambara si volkano: ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa ardhi ilipopasuka. Mvua imeuosha udongo wetu kwa muda mrefu mno, na virutubisho vingi vimeondoka. Majivu ya volkano ni machanga, bado yanaachia madini. Lakini nayo yana tabia yake: hushika fosforasi kwa nguvu, mmea ukaikosa. Ndiyo maana ratiba ya kule imepangwa kwa matatizo ya kule. Ukiikopi, unaweza kununua kirutubisho usichokihitaji na kuacha kile kinachokukwamisha.

Fanya hivi kabla ya msimu:

1. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba kwa njia ya zigizaga, kina cha sentimita 20. Changanya kwenye ndoo safi, bakiza kama kilo moja.
2. Udongo wa bondeni kando ya Mto Pangani usiuchanganye na wa mlimani. Hizo ni sampuli mbili.
3. Peleka maabara. Jirani yetu TARI Mlingano, kule Muheza, ni kituo cha utafiti wa udongo.
4. Kama udongo wako ni wa kichanga, gawa mbolea ya kukuzia mara mbili. Ukiimwaga yote kwa mpigo, mvua kubwa moja inaondoka nayo.
5. Masalia ya mahindi usichome. Yarudishe shambani, kwani hatuna mlima wa kutuletea rutuba mpya.

Mwenzako wa Arusha muige bidii na hesabu zake. Mbolea, uliza udongo wako.