Dondoo Muhimu: Nguvu zipi hujumlishwa vitani?

Katika Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, angalia kwanza jina la nguvu. Makasisi wawili wakikupa Bless, unaongeza dadu moja tu ya pande 4, kwa kuwa uchawi wa jina moja haujirudii. Bless na hamasa ya manju, hata hivyo, huingia pamoja kwenye shambulio moja. Tumieni hilo!

Nafuu (advantage) hazirundikani: hata ukiwa na sababu tatu, unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa. Kikwazo (disadvantage) kimoja huzifuta zote.

Kinga ya mwili ndiyo huzua ubishi mkubwa mezani. Barbarian asiye na deraya huanza na 10, huongeza wepesi na ustahimilivu. Monk huongeza wepesi na busara. Mwenye fani zote mbili hubaki na hesabu ya fani aliyoanza nayo. Rafiki akimpa Mage Armor, yaani 13 na wepesi, achague hesabu moja, asizichanganye. Ngao ya barbarian huongeza 2 juu ya hesabu yake.

Uhai wa muda nao haujumlishwi; chagua ulio mkubwa. Kabla ya pambano, andika kila ongezeko pamoja na chanzo chake kwenye karatasi ya mhusika wako.