Kwa nini walimchana mguu uliovunjika?

SWALI: Daktari, mdogo wangu alianguka na bodaboda akavunjika muundi. Alifungwa plasta, lakini usiku kucha alilia kwa maumivu, sindano hazikumsaidia. Alfajiri madaktari waliitoa plasta, wakamchana mguu pande zote mbili na kuacha vidonda wazi. Ndugu wanasema wamemharibu. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa ulivyoeleza, mikato hiyo huenda ndiyo iliyouokoa mguu wake.

Kati ya goti na kifundo, misuli imegawanyika katika vyumba vinne: kimoja mbele, kimoja upande wa nje, na viwili nyuma, kwenye shavu la mguu. Kila chumba kimezungushiwa utando mgumu usiotanuka. Muundi ukivunjika, damu na uvimbe hujaa humo, shinikizo hupanda, na misuli hukosa damu. Plasta iliyobana huzidisha hali hiyo. Misuli ikikaa hivyo kwa saa 6 hivi, inaweza kufa. Hapo mtu hubaki na unyayo usioinuka, hukatwa mguu, au figo zake huharibiwa na sumu ya misuli iliyokufa.

Hakuna kidonge kinachoondoa shinikizo hilo; ni lazima utando ukatwe. Mkato wa nje hufungua chumba cha mbele na cha upande wa nje, na wa ndani hufungua viwili vya nyuma. Vidonda huachwa wazi siku kadhaa hadi uvimbe upungue, kisha hushonwa au hubandikwa ngozi inayotolewa pajani.

Wenye mgonjwa aliyevunjika mguu, shikeni dalili hizi: maumivu yanayozidi licha ya dawa, maumivu makali vidole vya mguu vinapokunjwa au kunyooshwa na mtu mwingine, mguu kukaza kama ubao, na ganzi, hasa kati ya kidole gumba na cha pili. Msidanganyike kwa kuwa unyayo una joto na mapigo yanasikika. Mapigo huweza kuwepo huku misuli inakufa.

Mkiziona, msingoje kupambazuke. Mwiteni muuguzi, au rudini hospitali usiku huohuo, plasta na bendeji za chini yake zipasuliwe. Msikande mguu wala msiuinue juu ya mito. Ulazeni usawa wa moyo.

Mdogo wako ahudhurie kliniki, vidonda visafishwe kama alivyoelekezwa, na aanze mazoezi ya kifundo mara daktari wake atakapomruhusu. Waeleze ndugu haya, wamtie moyo.