Mzigo wa Nyumbani Unabebwa na Nani?

Somo hili ni juu ya jambo ambalo vikundi vingi hulizungumza kila wiki bila kuliandika kwenye kitabu cha mkutano. Huja kabla ya mkutano kuanza, mweka hazina akiwa bado anatafuta kalamu na wengine wakisubiri wenzao watoke shambani. Mmoja anasema, "Watoto wa siku hizi ukiwapigia simu wanafikiri unataka pesa." Mwingine anamjibu, "Si ni kweli unataka!" Watu wanacheka. Kisha kijana aliye benchi la nyuma anasema kwamba kwao simu ya mama huanza na habari za kuku, zikafuata habari za ng'ombe, na mwisho paa la jikoni linaanza kuvuja. Wanacheka tena. Halafu mwenyekiti anaita sala, na jambo lenyewe linaachwa nje ya mlango pamoja na matope ya viatu.

Sisi tunaona lisiachwe nje. Mtu akitania juu ya jambo moja kila wiki, hilo ni lalamiko. Anatania kwa sababu hajapata mahali pa kulisema.

Kwa hivyo anzeni somo kwa kuukusanya utani wenyewe. Wazee waseme wanayosema juu ya vijana: kwamba wanakaa kwa simu usiku kucha na asubuhi hawaamki, kwamba hawajui kushika jembe, kwamba wao waliokunywa maziwa ya Nyayo shuleni kuanzia mwaka wa 1979 wana mifupa kuliko hawa wa soda. Vijana nao waseme yao: kwamba mzee anakuita utoke chumba kile uje umpe rimoti iliyo karibu naye, kwamba shosho anataka umsomee salio la M-Pesa lakini akikuambia PIN anapiga kelele mpaka jirani anasikia. (Hilo la PIN si la kucheka sana. Mzee mwenye simu afundishwe kubonyeza mwenyewe, hata kama itachukua Jumapili tatu.) Acheni watu wacheke. Baada ya hapo mwulize kila aliyetania: ndani ya maneno hayo kuna nini?

Zamani barua ilichukua muda

Wazee husema sungura akizeeka hunyonya watoto wake. Maana yake wote wanaijua. Lakini msemo huo ulitungwa wakati watoto wa sungura walikuwa shimo moja naye. Mtoto alimsaidia mzazi kwa mikono: alichunga, alilima, alichota maji, na hakuna aliyehitaji kuhesabu maana kazi ilionekana kwa macho.

Mambo yalianza kubadilika serikali ya kikoloni ilipotoza kodi ya nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1900, na wanaume wakalazimika kwenda kutafuta pesa kwenye mashamba ya wazungu, reli na miji. Tangu hapo kuna familia yenye miguu miwili, mmoja nyumbani na mmoja kazini. Pesa zilirudi kwa mani oda ya posta, au kwa mkono wa mtu anayesafiri. Mama akiandika barua kwamba karo imekosekana, barua ilichukua wiki moja au mbili, na jibu likachukua muda kama huo. Katikati ya barua mbili kila mmoja alipata nafasi ya kufikiri. Mama alitafuta njia nyingine. Mtoto alingoja mwisho wa mwezi.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na hatuwezi kuilaumu. Imewaokoa wagonjwa wengi usiku wa manane. Lakini imeondoa ule muda wa katikati. Ombi linafika sasa hivi na jibu linatakiwa sasa hivi, na mtu asiye na kitu anaonekana kama mtu aliyekataa. Ndiyo maana wengine huzima simu. Wakenya wana neno la mtu huyo, wanasema "amekuwa mteja", kwa sababu ya ile sauti inayokuambia mteja hapatikani. Mama anasikia sauti hiyo mara tatu kisha anaweka simu chini. Hajui kama mwanawe ana shida, ana hasira, au ni betri tu.

Kisa cha kusoma kikundini

Mtu mmoja asome kwa sauti. Majina tumeyaacha, na kila kikundi kitadhani tumezungumza juu ya boma la kwao.

Mama mjane wa miaka 72 ana watoto wanne. Kifungua mimba ni fundi wa jua kali Nakuru. Wa pili ni binti aliyeolewa mbali. Wa tatu ameajiriwa Mombasa. Kitinda mimba yuko nyumbani na mkewe na watoto watatu. Mama ana ugonjwa wa presha na daktari alimwambia anywe dawa kila siku bila kuacha.

Yule wa Mombasa alituma shilingi 3,000 akijua ni za dawa, lakini hakusema ni za dawa, alisema tu "za mama". Wiki hiyo unga ulikuwa umeisha na ndama alikuwa mgonjwa, kwa hivyo kitinda mimba akazitumia hapo, maana unga ni wa mama pia. Fundi alijua ndugu yake ametuma. Binti alijua kaka zake wako. Mama alipoona vidonge vimepungua alianza kuvikata nusu, kisha akanywa siku moja na kuruka nyingine. Hakumwambia mtu. Alisema baadaye kwamba hakutaka kuwasumbua watoto.

Siku ya soko alianguka jikoni. Mke wa kitinda mimba ndiye aliyempata, akamfunga mgongoni mwa bodaboda akamfikisha hospitali. Mama hakufa, lakini mkono wa kushoto haukurudi kama zamani. Jioni hiyo simu zililia kutoka kila upande na kila mmoja alikuwa na swali moja: pesa zilienda wapi?

Baada ya kusoma, kaeni kimya kidogo. Kisha mwulizane: katika kisa hiki mwizi ni nani? Tumeona mtu wa kwanza husema ni kitinda mimba. Mkiendelea kuzungumza mtaona kwamba hakuna aliyeiba, na hakuna aliyekataa. Waliokuwa na pesa hawakuona kopo la vidonge, na waliokuwa karibu na kopo hawakuwa na pesa. Mama aliyejua yote mawili alinyamaza. Je, ni nini kilimfanya anyamaze? Swali hili lipewe muda. Huenda jibu liko katika ule utani wa mwanzo, wa simu inayoanza na habari za kuku.

Punje za maharagwe

Zoezi hili linahitaji punje za maharagwe na mkeka tu. Gawanyeni kikundi mara mbili.

Wazee wapewe punje 18. Kila punje ni shilingi 1,000, na hizo ndizo mshahara wa kijana aliyeajiriwa mjini. Wampangie mwezi wake. Kwanza makato ya sheria: NSSF asilimia 6, SHA asilimia 2.75, ada ya nyumba za serikali asilimia 1.5. Kwa mshahara huo jumla ni shilingi 1,845, kwa hivyo karibu punje 2 zinatoka kabla hajazishika. Zimebaki 16. Chumba kimoja, punje 4. Chakula, 5. Nauli, 3. Stima, maji, sabuni na simu, 1. Kama alisoma kwa mkopo wa HELB, 2. Imebaki moja. (Bei hizi ni za mfano, mlio na watoto mjini mtazisahihisha.) Sasa kiongozi wa somo ajifanye simu ya nyumbani inalia: ada ya mazishi, karo ya mdogo wake, paa la jikoni. Wazee waamue ile punje moja iende wapi.

Hapo huwa kuna mzee anayesema, "Lakini mjomba wake alisoma chuo kikuu na alisaidia wote." Ni kweli, na kuna sababu. Zamani mwanafunzi wa chuo kikuu alilipiwa na serikali na akapewa hata pesa za matumizi, wakiziita "boom". Mpango huo ulikwisha mwaka wa 1991. HELB ilianzishwa mwaka wa 1995, na tangu hapo wengi huanza kazi wakiwa na deni. Huyu wa leo ana roho kama ya mjomba, lakini alianza kazi akiwa nyuma.

Vijana nao wapewe punje 24, moja kwa kila saa ya siku, na siku hiyo ni ya yule mke wa kitinda mimba. Kulala, 6. Kuchota maji, 2. Kuni na kupika, 4. Shamba, 5. Ng'ombe, 2. Watoto, 1. Kumwogesha mama, kumvalisha, kumlisha na kumpeleka choo, 3. Imebaki moja, na hiyo ndiyo anayokuja nayo kwenye kikundi.

Sasa swali: huyu mwanamke ametoa shilingi ngapi kwa mama mwezi huu? Kwenye M-Pesa hakuna kitu. Yule wa Mombasa ametoa 3,000 na jina lake linatajwa kwenye kila sherehe. Mkimwajiri mtu afanye zile saa tatu kila siku, na asubuhi na usiku pia, mtamlipa ngapi? Kubalianeni bei ya kijiji chenu, mwiandike ubaoni. Huo ndio mchango wake.

Watakuwepo wanaume watakaosema hiyo ni kazi yake, mahari ilitolewa. Waacheni waseme. Kisha mmoja wao aombwe afanye zile punje tatu kwa wiki moja kwa mama yake mwenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Yale ambayo wazazi nao wanadaiwa

Tusiwalemee watoto peke yao. Kuna wazee wanaotaka kijana alime shamba miaka kumi bila kumwonyesha kipande chake, na kila akiuliza wanasema anawatakia kifo. Kijana wa namna hiyo halimi kwa moyo. Kuuliza mpaka si tusi, na mzee anaweza kuonyesha mipaka mbele ya ndugu wote akiwa bado na nguvu za kutembea.

Pia kuna baba aliyeondoka watoto wakiwa wadogo na sasa amerudi akikohoa. Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 53, inasema kumtunza mtoto ni jukumu la baba na mama sawasawa, wawe wameoana au la. Yeye hakulitimiza. Kifungu cha 57 nacho kinawapa wazee haki ya kutunzwa na kusaidiwa na familia na Serikali, na hakikumwacha nje. Hatudhani kikundi kinaweza kuamua jambo kama hili kwa kura. Tunachosema ni kwamba mtoto asiyeweza kumwita "baba" bado anaweza kumpeleka zahanati, na asilazimishwe kufanya zaidi ya hapo na watu ambao hawakulala njaa pamoja naye.

Yaliyo nje ya boma

Kabla familia haijagawana mzigo, ijue ni upi unaoweza kupunguzwa. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa, na mwaka wa 2018 ulipanuliwa ufikie waliotimiza miaka 70. Mara nyingi pesa huchelewa, kwa hivyo zisiwe ndizo za dawa. Mzee ambaye hajaandikishwa aanze kwa chifu au naibu wake.

Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa asiye na mshahara mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600. Zikigawanywa kwa watoto wanne ni 900 kila mmoja. Msidhani kadi ya mtoto wa Mombasa inamfunika mama, aandikishwe mwenyewe.

Kikao cha boma

Kikundi hakiwezi kukaa kikao badala ya familia. Kinaweza kutoa daftari, na mtu mmoja wa kuandika asiye wa ukoo huo.

Mama aanze kusema, wala asisemewe. Aulizwe anakunywa dawa gani, zimebaki ngapi, na anakosa nini. Mtu mmoja apewe kazi ya kopo la dawa, na jina lake liandikwe. Kila mtoto ataje kiasi anachoweza kutoa bila kukopa, hata kikiwa shilingi 200, kwa maana 200 ya kila mwezi inanunua vidonge kuliko 5,000 ya Krismasi. Anayetuma aseme ni za nini. Kazi ya mikono iandikwe ukurasa mmoja na pesa. Na wote wakubaliane kwamba neno "sina" likisemwa mapema halimvunjii mtu heshima. Mama anaweza kupanga na "sina". Kwa mteja asiyepatikana hawezi kupanga chochote.

Vikundi vingi vitaona wakati mzuri ni Desemba, watu wakirudi nyumbani. Ni sawa, lakini kikao kifanywe asubuhi, kabla ya mbuzi kuchinjwa. Baada ya nyama watu husinzia, na tarehe 26 matatu za kurudi mjini huanza kupakia mapema.