VIDONGE VISIVYO NA JINA



Katika mkutano wa bloku mama mmoja aliuliza: ikiwa Umoja wa Mataifa unakataza dawa za kulevya, vidonge hivi vinapita wapi? Tujibu polepole.

Bangi inaota shambani. Dawa tunazozisema leo hazioti, zinapikwa kwa kemikali. Mikataba ya mwaka 1961 na 1971 inataja dawa moja moja kwa jina, na ule wa 1988 unafuatilia kemikali za kuzipikia. Kila mwezi wa tatu wajumbe wa nchi wanakutana Vienna na kupiga kura kuongeza majina. Lakini mpishi akibadili kemikali kidogo tu, dawa yake haimo tena katika orodha. Ni kama mwizi wa pikipiki anayeipaka rangi nyingine. Kwa hiyo China, tarehe 1 Mei 2019, iliacha kungoja majina, ikadhibiti jamii nzima ya fentanili, ile dawa kali ya maumivu iliyoua watu wengi Marekani.

Kwetu jambo ni tramadoli. Nayo ni dawa ya maumivu ya hospitali. Mwaka 2018 India iliibana kwa sheria, lakini mwaka huohuo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hawakushauri iingizwe katika mikataba, maana wagonjwa wa nchi maskini mara nyingi hawana nyingine. Mimi naona walikuwa na haki, ingawa wachuuzi nao wananufaika.

Hapa Uganda mahakama ilifuta sheria ya dawa za kulevya Mei 2023, kwa sababu wabunge hawakutimia idadi walipoipitisha. Bunge likaipitisha upya mwaka huohuo.

Kijana mmoja jirani yetu alikuwa akibeba mizigo mpakani Mpondwe. Alipewa vidonge bila pakiti ili asichoke, akavinywa pamoja na waragi. Usiku akaanguka, akatetemeka kama mwenye kifafa. Tuliogopa polisi, na mimi nilikuwa kati ya waliosema tungoje kuche. Alipona, lakini muuguzi alituambia kwamba tramadoli na pombe pamoja zinaweza kusimamisha pumzi.

Mkimkuta mtu hivyo, mlazeni kwa ubavu. Msimpe maziwa wala maji. Mpelekeni kituo cha afya usiku uleule, na mseme wazi alichokunywa. Kidonge kilichobaki msikitupe, mkichukue pia.