Kikaragosi Kondele: Tashtiti Isiyo na Maneno Jukwaani

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuchunguza suala ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelipuuza kwa muda mrefu: je, tashtiti ikivuliwa maneno inabaki na nini? Tumezoea kuisaka katika mazungumzo ya wahusika, katika majina ya majazi na katika kinaya cha msimulizi. Tukitakiwa kuionyesha katika bega linaloinuka, au katika tarumbeta inayokohoa wakati mheshimiwa anaposimama kuhutubu, tunabaki vinywa wazi. Sanaa tutakayoishughulikia hapa ni baleti ya kisasa ya kukejeli, inayochezwa na vikaragosi pamoja na watu, huku okestra ya simfonia ikipiga papo hapo. Hatuhakiki onyesho lililokwisha kufanyika. Tunalipendekeza, na tunaliweka Kondele, Kisumu, kwa sababu zitakazodhihirika.

Neno lenyewe

Wataalamu wengi hulihusisha neno kikaragosi na Karagöz, mhusika wa tamthilia ya vivuli ya Waturuki, ambaye jina lake lina maana ya "jicho jeusi". Mhusika huyo hukatwa kwa ngozi, hupakwa rangi na kuchezeshwa nyuma ya pazia lenye taa. Ni mtu wa kawaida, mropokaji, na kazi yake kubwa ni kumkejeli jirani yake Hacivat, msomi wa maneno mazito. Misri nayo ina Aragoz, kikaragosi cha mkononi ambacho UNESCO ilikiweka mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka; Karagöz alikuwa ameorodheshwa mwaka 2009.

Lililotokea neno hili lilipoingia katika Kiswahili linafaa kutushughulisha. Kwa Waturuki, Karagöz ndiye anayekejeli. Kwetu, kikaragosi ni yule anayekejeliwa: mtu asiye na hiari, anayeendeshwa na mkono wa mwingine. Maana imepinduka. Upinduzi huo, kwa maoni yangu, ndio ufunguo wa onyesho zima, kwani Kondele swali la nani anamwendesha nani si la kamusi pekee.

Tulivyo navyo tayari

Yamkini msomaji atasema kwamba baleti na okestra ni mambo ya wageni. Na amkumbuke basi Beni. Ngoma hiyo ilizuka mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikachukua jina lake kutokana na neno la Kiingereza la bendi, na ikashika Lamu na Mombasa kwa tarumbeta, ngoma, sare za kijeshi na vyeo vya kujipachika. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wahakiki wamebishana kama wachezaji walikuwa wakiwahusudu wakoloni au wakiwabeza. Nadhani ubishi huo unatokana na kusoma nyimbo na kusahau miguu: mwili waweza kuiga kwa heshima na kubeza kwa hatua ileile, jambo ambalo sentensi haliliwezi kwa urahisi.

Vikaragosi navyo si vigeni Kenya. Katika miaka ya 1990 vikundi vya vijana vilivitumia mitaani na sokoni kuelimisha umma kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango. Mwaka 2009 mchoraji vibonzo Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, alizindua runingani The XYZ Show, akiwaumba viongozi wetu kwa mpira kwa kufuata nyayo za Les Guignols de l'info ya Ufaransa na Spitting Image ya Uingereza. Hata hivyo kipindi hicho kiliegemea maneno: sauti iliyoigwa, lafudhi, mzaha wa papo kwa papo. Ukizima sauti, sehemu kubwa ya kejeli inapotea. Baleti huanzia pale ambapo sauti imezimwa.

Hospitali ya Russia

Kwa nini Kondele? Pale njia panda, kando ya barabara iendayo Kakamega, iko hospitali ya rufaa inayoitwa leo kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji wangali wakiiita "Russia", kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua, yeye na Odinga walirushiana maneno makali hadharani. Risasi zikafyatuliwa kwa umati na watu wakafa, wakiwemo watoto. Tangu siku hiyo sehemu hii ya mji imeendelea kulipa gharama ya maneno ya wakubwa: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tena mwaka 2017, tena katika maandamano ya 2023. Kila mara walioanguka walikuwa vijana, na waliohutubu walirudi nyumbani.

Huenda mtu akadhani kwamba sanaa isiyo na maneno ni kinga. Jina hilo la "Russia" litukumbushe Dmitri Shostakovich. Alitunga muziki wa baleti za kukejeli, The Golden Age mwaka 1930 na The Bolt mwaka 1931. Hiyo ya pili iliondolewa jukwaani baada ya kuchezwa mara moja tu. Mwaka 1936 gazeti la chama, Pravda, likaishambulia baleti yake nyingine, The Limpid Stream, na mtunzi hakuandika tena baleti. Ukimya, basi, si kichaka cha kujifichia. Dola yenye masikio makali husikia hata zumari.

Nani awe kikaragosi?

Hili ndilo suala gumu zaidi la kulijibu kabla ya kushona hata kipande kimoja cha nguo, na mifano miwili ya nje inatusaidia. Katika The Green Table ya Kurt Jooss, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1932 kwa muziki wa piano mbili, wanadiplomasia wenye vinyago huizunguka meza ya kijani, wakiinamiana na kutunishiana vifua, hatimaye wakatoa bastola na vita vikaanza. Wakubwa wamevaa nyuso bandia, lakini wanaokufa wana nyuso zao wenyewe. Kampuni ya Handspring ya Afrika Kusini ilifanya kinyume mwaka 1997, katika Ubu and the Truth Commission, chini ya uongozi wa William Kentridge: mashahidi waliodhulumiwa walikuwa vikaragosi vya mbao, na mdhalimu alikuwa mwigizaji wa damu na nyama. Hapo kikaragosi kilipewa heshima, kwa vile mwigizaji hakudai kuuvaa uchungu usiokuwa wake.

Mimi ninaelemea upande wa Jooss. Vijana wa Kondele wameitwa vikaragosi mara nyingi mno, magazetini na majukwaani, kana kwamba kila aliyeshika jiwe alikuwa na uzi mgongoni. Kuwachonga kwa mti kutakuwa kulirudia tusi hilo kwa gharama kubwa. Kikaragosi na awe mheshimiwa: kichwa kikubwa, suti ya kitenge, urefu wa mita mbili. Na wachezeshaji wasifichwe. Katika Bunraku ya Kijapani kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu wanaoonekana wazi: mmoja kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Kwetu watatu hao wawe ndio vijana wenyewe, katika nguo zao za kila siku. Mtazamaji atamwona mheshimiwa akijitutumua, na hapohapo ataona mikono ya nani inamtutumua, na inavyochoka.

Maana ya Kiswahili ya neno letu inapinduka tena hapo: anayebebwa ndiye anayetawala, anayebeba ndiye anayetumwa, ingawa uzito wote uko mikononi mwake. Sidhani kama hotuba yoyote yaweza kulisema hilo bila kuchusha.

Okestra na upepo wa ziwa

Muziki usiwe wa kanda. Kikaragosi hakina mapafu. Wachezeshaji huvuta pumzi kwa pamoja kabla hakijasogea, na kiongozi wa okestra sharti aione pumzi ile ndipo ashushe kijiti. Tena watu wa Kondele watacheka pale ambapo hukutarajia wacheke. Wapigaji watasubiri kicheko kiishe, lakini kanda haitasubiri.

Okestra kamili huhitaji wapigaji wapatao 80. Hao hatutawapata, na 30 wanatosha. Kenya haijakosa chimbuko lao: Ghetto Classics ilianza kufunza watoto wa Korogocho, Nairobi, mwaka 2008, na bendi za tarumbeta za Jeshi la Wokovu zimeizoea magharibi ya Kenya. Kati ya fidla na kabaki orutu, yenye uzi mmoja na upinde wake, na nyatiti ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake hujitengenezea mapigo kwa pete ya chuma ya kidole cha mguu. Jambo dogo, lakini lisisahaulike: alasiri upepo hutoka ziwani. Karatasi za noti zibanwe kwa vibanio vya nguo, la sivyo zitaishia sokoni zikifungia omena.

Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Itaulizwa: sisi wa lugha tuna kazi gani katika onyesho lisilo na neno? Tuna kazi ya kuandika hati. Maelekezo ya jukwaani, ambayo katika tamthilia nyingi tunazosoma ni mistari miwili ndani ya mabano, hapa ndiyo fasihi yote. Na Kiswahili kimejaliwa vitenzi vya mwili: kubetua midomo, kujishaua, kunyata, kupepesuka, kubinua mabega, kutunisha kifua, kukonyeza. Mwenye kuandika "mheshimiwa anatembea kwa maringo" hajamsaidia mchezeshaji wa miguu. Na aandike kisigino kinatangulia au kidole.

Nimejaribu kuandika onyesho la mwisho. Vijana watatu wanamshusha mheshimiwa taratibu, wanamlaza chini, wanaondoa mikono. Kinachobaki ni kitenge na kichwa. Tarumbeta zilizokuwa zikimsindikiza tangu mwanzo zinaendelea kupiga wimbo wake kwa mapigo mawili, kisha zinagundua kwamba hayupo. Vijana wanatazama viganja vyao. Orutu inaanza peke yake, polepole, na katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kwamba wanacheza. Nimelifuta neno hilo. Sasa nimeandika: wanapumua.