MARUDIO YA DHAHABU: PIMA KABLA YA KULIPA

Wafanyabiashara wa Tunduma wanaopeleka mtaji Saza na Mkwajuni, mkoani Songwe, hukutana na wauzaji wa marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita karasha na mwalo. Kwa nini mchanga huo bado una bei?

Ndani ya karasha, gololi za chuma hugonga jiwe, nalo hupasuka na kuwa unga. Dhahabu ni laini, haipasuki. Kila pigo huibapa, hadi chembe inakuwa kama ganda jembamba. Dhahabu ina uzito wa karibu mara 7 ya jiwe la kawaida la ujazo uleule, lakini ganda hilo huelea na kuchukuliwa na maji ya mwalo kama jani. Kwa hiyo kusaga kupita kiasi kwaweza kumpunguzia mchimbaji mapato!

Kwenye tenki la sayanaidi mambo hugeuka: ganda jembamba huyeyuka upesi kuliko chembe nene. Faida ya mwenye tenki hutoka hapo.

Ndugu mwekezaji, usinunue kwa sampuli ya juu ya rundo. Chimba sehemu kadhaa hadi chini, changanya, peleka maabara upate gramu kwa tani, kisha toa gharama za usafiri na dawa. Kipimo cha karai hakitoshi, maana karai nalo humwaga maganda hayohayo.